Picha Moja, Vivinjari Vingi: Kwa Nini Video Hukataa Kuonekana

Mwalimu wa baiolojia amerekodi kwa simu yake jaribio la osmosisi: kipande cha kiazi ndani ya maji ya chumvi, rula kando yake, na saa inayoonyesha dakika zinavyopita. Rekodi imetoka vizuri. Anaiweka katika ukurasa wa wavuti wa shule ili wanafunzi waitazame kwa wakati wao. Kesho yake zinamfikia taarifa za namna tatu. Wanafunzi wa kundi la kwanza wameitazama video yote bila taabu. Wa kundi la pili wameisikia sauti ya mwalimu, lakini kioo kimekuwa cheusi tangu mwanzo hadi mwisho. Wa kundi la tatu hawakuona wala kusikia chochote, isipokuwa maneno machache yaliyowaarifu kwamba video haiwezi kuchezwa.

Faili ni lile lile. Halikuharibika, na mtandao haukukatika. Kilichotofautiana ni kivinjari, yaani programu inayotumika kufungulia kurasa za wavuti, pamoja na kifaa ambamo programu hiyo inafanya kazi.

Jambo la namna hii si geni katika historia ya usafiri nchini Tanzania. Reli ya Kati ya zamani ilijengwa kwa upana wa milimita 1,000 baina ya vyuma viwili. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67 tu, ambayo ni pungufu ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo behewa la upande mmoja haliwezi kupita upande wa pili. Mwaka 1998 kilifunguliwa kituo huko Kidatu, mkoani Morogoro, ili mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa. Video nayo ina vipimo vya namna hiyo. Kivinjari kisichovijua vipimo vya faili fulani hakiwezi kulipitisha, hata faili hilo likiwa zuri kiasi gani.

Uzito wa picha isiyobanwa

Ili kuelewa asili ya tatizo, yafaa kwanza kupima mzigo wenyewe. Video si picha moja inayotembea, bali ni mfuatano wa picha tuli zinazopita haraka kiasi kwamba jicho huziunganisha. Kila picha tuli imegawanywa katika nukta ndogo sana zinazoitwa pikseli. Rangi ya kila pikseli huweza kuandikwa kwa namba tatu: moja ya wekundu, moja ya ukijani na moja ya ubuluu. Kila namba huchukua baiti moja.

Ichukuliwe video ndogo yenye pikseli 640 kwa upana na 360 kwa kimo. Picha moja ina pikseli 230,400, yaani baiti 691,200. Picha zikipita 25 kwa sekunde, zinahitajika baiti 17,280,000 kila sekunde. Somo la dakika 10 lina sekunde 600. Hivyo basi, jumla ni baiti 10,368,000,000, kiasi kinachozidi gigabaiti 10. Na hiyo ni picha tu, kabla ya sauti.

Hakuna mwanafunzi anayeweza kupakua mzigo wa namna hiyo kwa kifurushi cha kawaida cha simu. Kwa sababu hiyo video haisafirishwi kamwe katika hali hiyo, hubanwa kwanza. Somo hilo hilo likibanwa hadi biti 500,000 kwa sekunde, huwa na baiti 37,500,000 tu. Maana yake ni kwamba kwa kila sehemu 276 za mzigo wa awali imebaki sehemu moja.

Jinsi picha inavyobanwa

Ubanaji wa kiasi hicho hauwezi kupatikana kwa njia moja. Huunganisha mbinu kadhaa, na tatu kati yake ndizo za msingi.

Mbinu ya kwanza hutegemea udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho hutambua tofauti za mwangaza vizuri zaidi kuliko tofauti za rangi. Hivyo badala ya kuandika namba tatu kwa kila pikseli, huandikwa mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi huandikwa mara moja tu kwa kila kundi la pikseli nne. Pikseli nne zilizohitaji namba 12 sasa zinahitaji namba 6. Nusu ya mzigo imeondoka, wala mtazamaji hajui.

Mbinu ya pili hutafuta marudio ndani ya picha moja. Ukuta mweupe nyuma ya mwalimu hauna haja ya kuelezwa nukta kwa nukta. Picha hukatwa katika vipande vya mraba, kisha kila kipande hugeuzwa kuwa jumla ya mawimbi, mengine mapana na mengine membamba. Hesabu iliyo msingi wa kazi hii ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Mawimbi membamba mno, ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi, hupunguzwa usahihi au hutupwa kabisa. Kilichotupwa hapa hakirudi tena.

Mbinu ya tatu hulinganisha picha moja na jirani zake. Katika jaribio la osmosisi, kiazi hakiondoki mahali pake. Kinachosogea ni mshale wa saa. Badala ya kuiandika upya picha nzima, huandikwa maagizo kama haya: chukua kipande kilichokuwa pale, kisogeze hapa, kisha ongeza tofauti hii ndogo. Picha kamili huandikwa mara chache tu, na nyingine zote huegemea hizo.

Kazi ya kubana huitwa kusimba, na kazi ya kurudisha picha huitwa kusimbua. Kanuni nzima inayoongoza kazi hizo mbili huitwa kodeki. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kodeki iitwayo H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, huanza na vipande vya pikseli 16 kwa 16. Kodeki ya H.265, ambayo pia huitwa HEVC, iliyokamilishwa mwaka 2013, huweza kutumia vipande vya hadi 64 kwa 64. Kodeki ya AV1, iliyotolewa mwaka 2018, hufika 128 kwa 128. Aidha, kila moja ina njia zake za kukisia kipande kimoja kutokana na kingine. Biti zilizosimbwa kwa kanuni moja zikisomwa kwa kanuni nyingine hazina maana yoyote, kama vile televisheni isiyo na king'amuzi kinachofaa isivyoweza kuonyesha matangazo yaliyojaa angani.

Bahasha na lugha ya barua

Watu wengi hudhani kwamba herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili, kama vile mp4 au webm, hutaja kodeki. Sivyo. Herufi hizo hutaja kasha, yaani muundo unaobeba picha, sauti na maandishi pamoja na kuonyesha kipi kichezwe wakati gani.

Mfano wa barua unafaa hapa. Kasha ni bahasha, na kodeki ni lugha iliyoandikwa ndani. Bahasha mbili zinaweza kufanana kabisa, moja ikiwa na barua ya Kiswahili na nyingine barua ya Kijapani. Vivyo hivyo mafaili mawili ya MP4 yanaweza kuwa na picha za kodeki mbili tofauti, na kivinjari kikacheza moja na kushindwa nyingine.

Sasa taarifa tatu za mwanzo zinaweza kuelezeka. Simu nyingi za miaka ya karibuni hurekodi kwa HEVC. Kivinjari cha kundi la kwanza kilikuwa na kisimbuzi chake. Kile cha kundi la pili kiliweza kufungua bahasha na kuielewa sauti, ambayo ilisimbwa kwa kodeki nyingine, lakini hakikuielewa lugha ya picha. Kile cha kundi la tatu hakikuitambua hata bahasha. Ni dhahiri pia kwamba kubadili jina la faili hakusaidii: kuandika neno jipya juu ya bahasha hakutafsiri barua iliyomo ndani.

Mkataba uliokosekana

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa tatizo linaeleweka hivi, kwa nini vivinjari vyote havikukubaliana kutumia kodeki moja? Jibu halimo katika fizikia wala hisabati. Limo katika sheria na fedha.

Katika miaka ya mwanzo ya wavuti, vivinjari havikuwa na uwezo wa kucheza video vyenyewe. Mtumiaji alilazimika kuweka programu ya nyongeza, na iliyoenea kuliko zote ikawa Flash. Wakati huo ukurasa wa wavuti ulitegemea programu ya kampuni moja, na palipokosekana programu hiyo palikosekana video. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa nayo kabisa.

Mnamo Februari 2007 wataalamu wa Opera, kampuni ya Norway, walipendekeza kwamba lugha ya HTML, inayotumika kuandikia kurasa za wavuti, iwe na alama yake yenyewe ya video. Walipendekeza pia kodeki ya kutumika: Theora, ambayo haikudai malipo kwa mtu yeyote. Alama ilikubaliwa. Kodeki ikazua ubishi.

Upande mmoja walisimama Apple na wengine waliopendelea H.264. Kodeki hiyo ilibana vizuri zaidi, na simu nyingi zilikuwa na saketi maalumu za kuisimbua bila kumaliza betri. Lakini mbinu zake zilikuwa zimelindwa kwa hataza nyingi, na watengenezaji wa programu walipaswa kulipa mrabaha. Upande wa pili walisimama Mozilla, watengenezaji wa Firefox, pamoja na Opera. Kwa mwaka 2010 kikomo cha ada kwa kampuni moja kilikuwa dola za Marekani milioni 5. Mozilla walieleza kwamba hata kama wangelipa, leseni hiyo isingewafuata watu wengine wanaochukua programu yao huria na kuigawa upya. Waliopendelea H.264 nao walihofu kwamba Theora ingeweza kuwa na hataza zilizojificha, ambazo wenyewe wangejitokeza baadaye na kudai fidia.

Katikati ya mwaka 2009 Ian Hickson, mhariri wa rasimu ya HTML5, aliondoa sehemu iliyohusu kodeki, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokubaliwa na wote. Hivyo kanuni ikabaki inasema jinsi ya kuweka video katika ukurasa, bila kusema video hiyo iwe katika lugha gani. Matokeo yake yalionekana mara moja. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2010 Safari ilicheza H.264, Firefox na Opera zilicheza Theora, Chrome ilicheza zote mbili, na Internet Explorer iliyokuwapo wakati huo haikucheza yoyote kwa alama hiyo mpya. Aliyetaka somo lake lionekane na wote alilazimika kutunza nakala mbili au tatu za kila video.

Mei 2010 kampuni ya Google, iliyokuwa imenunua kampuni ya On2, iliitoa bure kodeki ya VP8 ndani ya kasha jipya la WebM. Januari 2011 Google ilitangaza kwamba ingeiondoa H.264 katika Chrome, lakini ahadi hiyo haikutekelezwa. Machi 2011 Internet Explorer 9 ilitoka ikiwa na H.264. Mwaka 2012 Mozilla walikubali kutumia visimbuzi vya H.264 vilivyomo tayari ndani ya kifaa cha mtumiaji. Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kutoa kisimbuzi cha H.264 na kulipa yenyewe ada yake, na Firefox ikaanza kukitumia mwaka 2014 kwa mazungumzo ya video. Hivyo H.264 ikawa lugha ya wote kwa mazoea, ingawa haikuandikwa katika sheria ya HTML.

Ubishi ulirudi kwa sura nyingine ilipotoka HEVC. Lengo lake lilikuwa kupunguza biti kwa karibu nusu bila kupunguza ubora wa picha. Lakini wenye hataza hawakukusanyika mahali pamoja. Yalitokea makundi kadhaa, kila moja likidai ada yake. Septemba 2015 kampuni saba, zikiwamo Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix, ziliunda umoja wa kutengeneza kodeki isiyo na mrabaha. Matunda yake ni AV1, iliyotolewa Machi 2018. Apple walijiunga na umoja huo mwaka 2018, na mwaka 2023 walitoa simu yao ya kwanza yenye saketi ya kusimbua AV1. Flash, kwa upande wake, iliachwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na Theora iliondolewa katika Chrome mwaka 2024.

Kivinjari kinavyoulizwa

Ukurasa wa wavuti ulioandikwa vizuri haulazimishi. Huorodhesha mafaili kadhaa ya video moja, kila moja likiwa na maelezo ya kasha na kodeki yake. Kivinjari husoma orodha kuanzia juu na kuchukua faili la kwanza kinaloona kinaliweza. Kwa hiyo mpangilio una maana: kodeki mpya inayobana zaidi huwekwa juu, na ile inayofahamika na wote huwekwa chini kama kimbilio la mwisho.

Ukurasa pia huweza kukiuliza kivinjari moja kwa moja kama kinaweza kucheza aina fulani. Majibu ni matatu tu: kimya, maana yake hapana, "labda", na "yumkini". Jibu la "ndiyo" halimo. Waandishi wa kanuni walitambua kwamba kabla ya kulifungua faili lenyewe hakuna programu inayoweza kuahidi kwa hakika.

Maelezo ya kodeki huandikwa kwa alama fupi, kwa mfano avc1.42E01E. Herufi avc1 hutaja H.264. Zinazofuata ni namba za msingi wa 16. Namba 42 ni sawa na 66 katika msingi wa 10, na hutaja ngazi rahisi ya kodeki hiyo. E0 ni alama za masharti ya ziada. Namba 1E ni sawa na 30, maana yake kiwango cha 3.0, ambacho huruhusu vipande visivyozidi 40,500 kwa sekunde. Picha ya pikseli 720 kwa 576 ina vipande 45 kwa 36, yaani 1,620; picha 25 kwa sekunde hutoa 40,500 barabara. Kifaa kikongwe chenye uwezo wa kiwango hicho kikipewa picha kubwa zaidi huenda kikashindwa, hata kama kodeki ni ile ile.

Uchaguzi wa mwalimu

Hapa pana jambo gumu ambalo hisabati peke yake haitoi jibu lake. AV1 hubana zaidi kuliko H.264, kwa hiyo humpunguzia mwanafunzi gharama ya kifurushi. Lakini simu isiyo na saketi ya AV1, endapo itaweza kuicheza, huisimbua kwa nguvu za programu tu, huku ikipata moto na kumaliza betri. Kwa kawaida simu hiyo kongwe imo mikononi mwa mwanafunzi yule yule ambaye kila megabaiti kwake ina uzito. Kodeki nafuu kwa kifurushi ni ghali kwa simu, na ile nafuu kwa simu ni ghali kwa kifurushi.

Njia iliyo salama kwa shule ni kutoa nakala ya H.264 yenye sauti ya AAC ndani ya kasha la MP4, kwa picha ya kiasi kama pikseli 640 kwa 360. Nakala hiyo huchezwa na vivinjari vyote vikubwa vya leo. Ikiwapo nafasi, nakala ya pili ya VP9 au AV1 huongezwa juu yake katika orodha. Simu nyingi pia zina chaguo la kurekodi moja kwa moja katika muundo unaokubalika zaidi, na mwalimu akilitumia huepuka usumbufu tangu mwanzo.

Faili lililokwisha kurekodiwa huweza kugeuzwa kwa programu za bure. Lakini kugeuza kodeki ni kusimbua na kusimba upya, na kila mara sehemu ya picha hupotea, kama gunia la mahindi linalodondosha punje kila linapohamishwa. Kwa hiyo nakala ya asili haifutwi, na kila ugeuzaji huanzia kwake. Kubadili kasha tu bila kugusa kodeki hakupotezi kitu, kwa maana barua ni ile ile katika bahasha nyingine. Mwishowe, video hujaribiwa katika kompyuta iliyo kongwe kuliko zote shuleni, si katika ile iliyo mpya.

Mwalimu wa baiolojia akifuata hatua hizi, makundi yote matatu yatakiona kiazi kikisinyaa katika maji ya chumvi. Wanafunzi wake nao watakuwa wamepata somo la pili lisilokuwamo katika mpango wa siku hiyo: kwamba uvumbuzi huwafaa watu wengi pale tu wanaoutengeneza wanapokubaliana vipimo, na kwamba panapokosekana mapatano hayo, gharama humwangukia mtumiaji wa mwisho.

Zoezi la darasani

1. Video ina pikseli 1,280 kwa 720 na picha 25 kwa sekunde. Bila kubanwa, inahitaji baiti ngapi kila sekunde?
2. Je, picha hiyo ina vipande vingapi vya pikseli 16 kwa 16, na kwa sekunde vinapita vingapi? Kiwango cha 3.0 kinaitosha?

Majibu: (1) Baiti 69,120,000. (2) Vipande 3,600 kwa picha na 90,000 kwa sekunde; kiwango cha 3.0 hakitoshi.